Mzani wa Kitangari

Kazi yangu ni mzani.
Msimu ukifunguka, Kitangari nzima hupanga magunia mlangoni pangu,
nami sisikilizi maneno, naangalia mshale.
Mtu aniapie kwa kaburi la mama yake kwamba gunia limejaa,
mshale ukisema sabini na nane, naandika sabini na nane.

Halafu nachota korosho chache, nazikata.
Ganda ni ganda, halisemi kitu.
Ndani ndiko kwenye weupe, au doa,
au funza aliyekula, akashiba, akalala.

Sasa Chinduli, mtoto wa dada yangu,
amekuja na shati la pasi na kopo lenye kifuniko cha dhahabu.
"Mjomba, miguu itaacha kuwaka moto. Usingizi utarudi.
Na nguvu," akashusha sauti, maana Somoe alikuwa anachambua mbaazi,
"nguvu nazo zitarudi."
Virutubisho, anasema. Vidonge sitini.
Elfu tisini, kwa kuwa ni wewe.

Nikavaa miwani, nikalizunguka kopo
kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba ngeni.
Husaidia moyo, ini, figo, macho, maungio, kumbukumbu.
Kilichoachwa ni nini, kucha?
Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa:
matokeo hutofautiana kati ya mtu na mtu.
Hapo ndipo nilipoliamini kopo, kwa mara ya kwanza.

Usiku nilipiga hesabu nyuma ya stakabadhi.
Kidonge kimoja, nusu kilo ya korosho.
Kopo zima, kilo thelathini:
thelathini alizookota Somoe, mgongo umepinda,
moja, moja,
akipindua majani makavu kwa mguu kwanza, asije akashika nyoka.
Nizimeze kwa maji, mara mbili kwa siku, baada ya kula?
Kula nini, basi?

Nimekikata kimoja. Ndiyo,
kwa kisu kile kile cha ghalani.
Unga wa kijani. Nikaulamba.
Haukuwa na uchungu wala utamu wa kutoa ushahidi.
Huenda ni mlonge, kama ule uliojiotea nyuma ya choo.
Huenda si mlonge. Huenda ni dawa kweli.
Hapo kisu changu kikafika mwisho wa elimu yake.

Nikaenda zahanati.
Nesi Nantende hakucheka, wala hakunitisha.
Aliniuliza naamka mara ngapi usiku kwenda haja ndogo.
Kopo halikuniuliza hilo.
Akasema, "Wapo wanaohitaji vidonge, na hao nawapa mimi mwenyewe,
mjamzito ambaye damu imepungua, kwa mfano.
Ila mtu haongezi chumvi kwenye chungu asichokionja.
Njoo Jumanne asubuhi, usile kitu, tupime damu.
Na hilo kopo uje nalo, nijue ulikuwa unataka kumeza nini."

Chinduli alinisubiri barazani.
Ndipo nikamwona vizuri: viatu vya kuazima,
makopo kumi na moja kwenye begi,
na mkopo alioyanunulia makopo.
Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga,
ila hawakusema kibaya kikijitembeza
kinatembea kwa miguu ya mtoto wa nani.

Nikampa elfu ishirini.
"Hii ni ya ujomba," nikamwambia.
"Kwenye daftari lako andika ujomba, usiandike dawa."
Hakuipenda. Aliichukua.

Leo ni Jumapili. Miguu inawaka.
Kopo liko juu ya kabati na vidonge hamsini na tisa,
halijalipiwa, halijarudishwa.
Somoe ametenga ugali na mlenda, akasogeza taa,
akalitazama lile dhahabu linavyometa.
"Na hilo," akaniuliza, "lina uzito gani?"

Nikamwambia mshale bado unatikisika.